Uso unamuuma kijana na vipimo vyote ni safi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Tangu watu wa Kirumba, hapa Mwanza, wajue kwamba nimezunguka na mwanangu hospitali kwa karibu miaka miwili kwa sababu ya maumivu ya uso, simu yangu haitulii. Anapiga mama wa Igoma, anapiga baba wa Sengerema, na shangazi mmoja wa Nansio hunitumia sauti ya dakika saba bila kuvuta pumzi. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili nisirudie, na ili mwenye aibu ya kupiga asome tu.

Wewe ni daktari?

Hapana, nauza dagaa Mwaloni. Haya nimeyapata kwa kuuliza madaktari mpaka wengine wakanichoka, na kwa kusoma usiku. Dozi ya dawa usiichukue kwangu. Kwangu chukua maswali ya kwenda nayo hospitali.

Meno yamekaguliwa, yote mazima. Sasa kinachouma ni nini?

Kila upande wa uso una mshipa mmoja mkubwa wa fahamu ambao madaktari huuita trijemina. Ni wa tano katika jozi 12 za mishipa inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na una matawi matatu: la paji la uso na jicho, la shavu na meno ya juu, na la taya na meno ya chini. Matawi yote hukutana kwenye shina moja kabla ya kufika ubongoni, na hapo ndipo habari huchanganyikana. Kiungo cha taya kikiugua, mtu anaweza kuapa kwamba ni sikio. Msuli wa kutafunia ukichoka, maumivu hujitokeza kwenye gego ambalo halina hata tundu la sindano. Gego la juu likioza, shavu lote huuma mpaka chini ya jicho.

Nilipoelezwa hivyo ndipo nikaacha kumgombeza mwanangu: "Jana umesema jino, leo sikio, kesho utasema nini?" Hakuwa anadanganya.

Basi si ang'olewe tu hilo jino, tujaribu?

Usijaribu. Hapa naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Kijana wangu alikuwa na miaka 21 taya la chini kushoto lilipoanza kumuuma. Mahali pa kwanza tuliambiwa ni malaria. Pa pili tukaambiwa taifodi na U.T.I., ambazo siku hizi hutembea pamoja kama dereva na konda wake. Kisha tukaenda kliniki moja ya meno, siitaji jina, wakang'oa gego. Baada ya wiki mbili maumivu yakarudi, wakasema basi ni la jirani yake. Nalo likang'olewa. Maumivu ya zamani yakabaki palepale na yakaja mapya: ufizi uliobaki mtupu ukaanza kuwaka kama umepakwa pilipili, hata mswaki ukipita kwa mbali. Baadaye sana ndipo nikafahamishwa kwamba kung'oa jino, kutibu mzizi, au kuvunjika taya kwa ajali ya bodaboda kunaweza kuujeruhi mshipa wa fahamu, na mshipa uliojeruhiwa huendelea kupiga kelele hata kidonda kikishafunga.

Jino ling'olewe kwa sababu inayoonekana: limetoboka, lina ufa, linatikisika, lina usaha kwenye mzizi. Muulize daktari wa meno bila woga, "Naomba unionyeshe kwenye picha unachokiona." Akisema haoni kitu ila tujaribu, mshukuru, chukua picha yako, ondoka. Kuna pia jaribio dogo ambalo halimpotezi mtu jino: sindano ya ganzi. Ganzi ikishika sawasawa na maumivu yakanyamaza, chanzo huenda kiko hapo kinywani. Ganzi ikishika na maumivu yakaendelea, huyo mnayemsaka yuko kwingine. Si ushahidi wa mwisho, lakini ni bora kuliko koleo.

Tahadhari kwa upande wa pili pia. Jino lenye ufa linaweza lisionekane kwenye eksirei. Dalili yake ni maumivu makali anapong'ata kitu, hasa anapoachia. Kwa hiyo kama anasema hivyo, mwambie daktari wa meno arudie kuangalia.

Daktari ananipa dakika tano. Nimwambie nini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na ndilo watu hawaniulizi mpaka nilitaje mwenyewe. Maumivu ya uso hayana kipimo cha damu. Sehemu kubwa ya ugonjwa hugunduliwa kwa maelezo ya mgonjwa, na sisi tulipoteza mwaka mzima kwa sababu kila mahali tulisema maneno mawili tu: "Taya linauma."

Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Kaa na kijana wako mkiwa mmetulia, mwambie achague. Je, yanapiga kama shoti ya umeme, mara moja na kukata? Yanawaka moto? Yanachonyota kama kidonda kilichoguswa na chumvi? Yanapwita kwa kufuata mapigo ya moyo? Yanavuta na kukaza, kama msuli wa mguu baada ya kupanda mlima? Au ni kufukuta tu, kwa mbali, mchana kutwa, bila mahali pa kuweka kidole? Kuna ganzi? Kila neno hapo humpeleka daktari njia tofauti. Mwanangu alipoulizwa hivi kwa mara ya kwanza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama, ni mawili. Kuna linalokaza asubuhi na kuna linalowaka." Mwaka mzima tulikuwa tunatibu moja.

Tulinunua daftari la shule. Kila siku aliandika saa yalipoanza, yalikaa muda gani, yalikuwa na ukali gani kati ya sifuri na kumi, alikuwa anafanya nini (kutafuna, kupiga mswaki, kupiga miayo, kupigwa na upepo wa ziwa juu ya pikipiki), na dawa aliyokunywa. Ukurasa wa mbele alichora uso, akapaka rangi mahali panapouma. Asipige chuku. Siku isiyo na maumivu nayo iandikwe.

Muda una uzito. Maumivu ya sekunde chache yanayorudi mara hamsini ni habari moja, na maumivu ya saa tatu yasiyokatika ni habari nyingine kabisa.

Nasikia kuna ugonjwa wa shoti usoni. Ndio huo?

Labda, ila kwa kijana si wa kawaida. Ni ugonjwa wa mshipa huo wa trijemina: shoti kali sana, upande mmoja, kuanzia chini ya sekunde moja hadi dakika mbili, inayoamshwa na kitu kidogo kama kunawa uso, kuongea au kutafuna. Wengi wanaoupata wamepita miaka 50. Mara nyingi mshipa wa damu huwa umeulalia ule wa fahamu karibu na ubongo. Kijana wa miaka ishirini na kitu akiwa na shoti za aina hii, hasa zikiwa pande zote mbili au pana ganzi, madaktari hutaka kuhakikisha hakuna uvimbe unaougandamiza mshipa, wala ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa mishipa ya fahamu. Hapo MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya kichwa, ina sababu.

Taya linalia "ko" akifungua mdomo. Ni hatari?

Mlio peke yake bila maumivu si ugonjwa, watu wengi wanao. Mlio ukiambatana na maumivu mbele ya sikio, asubuhi taya limekaza, mdomo haufunguki vizuri, basi kiungo cha taya na misuli yake ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Ukiacha meno yenyewe, hiki ndicho chanzo kinachoongoza kwa maumivu sugu ya uso, na huwapata sana watu wa miaka 20 hadi 40, wanawake zaidi. Mwambie asimamishe vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia, mtajie daktari.

Uzuri wake ni kwamba wengi hupata nafuu bila kisu. Mwanangu alipewa kazi za nyumbani ambazo mwanzoni tulizicheka: taulo la maji ya moto shavuni dakika 15 hadi 20, chakula laini kwa wiki kadhaa, marufuku bigijii, muwa na kung'ata kucha, asipige miayo mikubwa bila kushika kidevu. Na moja iliyomshinda kuliko zote: midomo ifungwe, meno yaachane. Meno ya juu na ya chini yanapaswa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Kumbe yeye alikuwa anayauma siku nzima akiendesha bodaboda, na usiku mdogo wake alikuwa akilalamika kwamba kaka anasaga meno kama jiwe la kusagia.

Kwetu Usukumani hili la chakula lina kesi yake. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, haitafunwi na mgonjwa wa taya, hata bibi akikasirika. Ichemshwe kwanza.

Si ni sainasi tu?

Kila mtu husema sainasi. Swali la kujiuliza ni moja: pua inasemaje? Kama haijaziba, haitoi makamasi mazito, hakuna harufu iliyopotea wala homa, basi sainasi haielekei kuwa chanzo cha maumivu ya miezi. Daktari wa masikio, pua na koo atasema. Ikiwa ni upande mmoja tu wa pua unaoziba au kutoa damu, nenda haraka, hiyo ni habari nyingine.

Kuna magonjwa yanayosahaulika?

Mawili, kwa upande wetu huu wa ziwa.

Mkanda wa jeshi unaweza kutokea usoni, na maumivu yake yakabaki miezi baada ya malengelenge kukauka. Mtu hukumbuka "vipele vya mwaka jana" lakini haviunganishi na maumivu ya leo. Kijana akipata mkanda wa jeshi, apime VVU. Hilo si tusi, ni utaratibu. Malengelenge yakiwa kwenye paji la uso, kope au pua, siku hiyohiyo aonwe na daktari wa macho.

La pili ni seli mundu. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye ugonjwa huu, na damu inaposhindwa kupita kwenye mfupa wa taya, taya huuma na wakati mwingine kidevu na mdomo wa chini hufa ganzi. Kama kijana ana seli mundu, litaje hata kama umekwenda kwa daktari wa meno.

Ni lini nisisubiri kupambazuke?

Uso ukivimba na homa, hasa chini ya taya, akashindwa kumeza au kufungua mdomo: usiku huohuo. Uso ukipinda upande mmoja, akaona vitu viwiliviwili, jicho likapungua kuona, akapata degedege, au ganzi inayopanuka: vivyo hivyo. Uvimbe wa taya usiouma lakini unaokua, tezi ngumu shingoni, kupungua uzito au sikio moja kuacha kusikia si vya usiku, ila visipite wiki.

Tuanzie hospitali gani?

Anza na daktari wa kinywa na meno aliyesomea, apige eksirei, atoe meno kwenye orodha ya washukiwa. Kwa Mwanza mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure iko katikati ya mji. Rufaa ya kanda ni Bugando, kule kilimani, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote. Wenye bima, fuateni ngazi za rufaa na mshike barua, vinginevyo mtarudishwa dirishani mkiwa mmeshapanga foleni.

Watu wa Sengerema na Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mnanyimwa kisingizio cha kivuko. Wa Ukerewe, nawaelewa. Meli ya Nansio na kulala mjini si hela ndogo, kwa hiyo kabla ya kusafiri hakikisheni siku ya kliniki ya daktari mnayemtaka, na bebeni kila kitu: picha za zamani, karatasi, maboksi ya dawa, daftari.

MRI ni lazima?

Si kwa kila mtu. Usiidai kama soda. Ina maana kwa shoti za kijana, ganzi, au mabadiliko yoyote daktari anapompima uso kwa pamba na kumwambia aume meno. Sisi tulifanya, ikatoka safi. Nililia kwa furaha, na kesho yake nikalia kwa kukosa jibu.

Vipimo ni safi, daktari amesema "hakuna kitu". Mtoto anaigiza?

Kipimo safi maana yake hakuna uvimbe, hakuna mfupa uliovunjika, hakuna usaha. Hakina macho ya kuona maumivu. Ipo hali inayotambuliwa na madaktari duniani kote, zamani wakiiita maumivu ya uso yasiyo ya kawaida: yapo kila siku, kwa zaidi ya saa mbili, kwa zaidi ya miezi mitatu, yanafukuta, hayana mpaka wazi, na uchunguzi wote hauonyeshi kitu. Ina jina na ina matibabu. Daktari akisema hakuna kitu, mjibu kwa heshima, "Asante daktari. Kama si hayo mabaya, yanaweza kuwa nini?" Mara nyingi mazungumzo huanzia hapo.

Kwa nini wamempa dawa ya kifafa? Mwingine amepewa ya sonona!

Niligombana na mfamasia kwa hili, nikaomba radhi baadaye. Kabamazepini inajulikana kwa kifafa, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo dawa ya kwanza kwa shoti za trijemina, kwa sababu inatuliza mshipa unaofyatuka hovyo. Inaleta kizunguzungu na usingizi. Akitoka vipele, malengelenge au vidonda mdomoni, arudi hospitali siku hiyo. Binti anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti, au mtu yeyote anayetumia ARV, amwambie daktari kabla hajaanza, maana dawa hii huzipunguzia nguvu. Kwa mjamzito ina hatari zake.

Amitriptilini nayo ni ya zamani, ya sonona. Kwa maumivu ya mishipa hutolewa kidogo sana, mara nyingi miligramu 10 usiku, kisha hupandishwa polepole. Mdomo hukauka, asubuhi mtu huamka mzito, choo huwa kigumu. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Mwanangu aliiacha mara mbili kabla ya wiki tatu, mara ya tatu tukakubaliana aimalize miezi miwili ndipo alalamike. Ifungieni mahali: ikinywewa nyingi kwa mpigo inaua.

Anakunywa Panadol na diklofenaki kila siku. Tatizo?

Ndiyo. Diklofenaki ya kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Na mwenye asili ya kuumwa kichwa akinywa dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa zenyewe huanza kuzaa maumivu. Hesabu kwenye daftari. Sisi tulihesabu 26.

Mama mkwe anasema ni mdudu wa jino, apelekwe akachanjwe.

Mama mkwe wangu alisema hivyohivyo, na nampenda. Sikubishana naye kuhusu mdudu wala kuhusu jirani aliyemrushia mtoto jini. Nilimwambia, "Mama, wembe usiguse uso, mengine tuombe wote." Akakubali. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kidogo kwenye jino bovu, lakini yakimwagika kwenye ufizi huunguza.

Amekuwa mkimya, hatoki, hataki kula na wenzake.

Usisubiri atoke mwenyewe. Maumivu ya kila siku na sonona hufuatana, na moja humlisha mwenzake. Muulize waziwazi, "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa karibu naye, mpeleke hospitali. Mimi niliuliza tukiwa tunaanika dagaa, nikiwa nimempa mgongo ili asione uso wangu. Alijibu baada ya kugeuza chekeche nzima. Sitaandika alichosema. Nashukuru niliuliza.

Na wa kwako, amepona?

Walimaliza kwa majina mawili: kiungo cha taya, na mshipa ulioumizwa kwenye kung'oa meno. La kwanza limepungua sana kwa taulo, mazoezi na yale meno kuachana. La pili lipo, dogo, halimzuii kazi. Bado anakunywa kidonge chake cha usiku, na amejifunga shali usoni anapopita barabara ya ziwani asubuhi. Jumapili iliyopita alikula sangara wa kukaanga, akatafunia upande wa kulia. Saa mbili usiku akaandika sifuri. Saa nne akaandika tatu.